Tembo Saba wa Baba Mdogo

Kambu,
14 Januari 2024

Nzilani mwanangu,

Wakya? Itikia hapo hapo ulipo, mimi nitasikia. Mimi baba yako mdogo Ndeti ni mzima, tena mzima kupita kiasi. Juzi jeki ilikufa chini ya trela la saruji, dereva akaanza kulia kama mtoto. Nikaingiza bega. Nikamwambia, toa gurudumu pole pole, usikimbie, mimi niko. Uliza mtu yeyote hapa Kambu.

Na tembo, je, habari imefika Migwani? Kabla ya Krismasi walivuka barabara saa nane mchana, saba, Nzilani, nilihesabu, wakaja moja kwa moja kwa lile beseni langu la maji, la kutafutia panja za magurudumu. Watu wakatawanyika. Gathua wa hadiwea, muuza misumari na mbao, alifunga duka na wateja ndani. Mimi nilisimama. Nikagonga rimu na spana, nikawaambia kwa Kikamba safi, kunyweni mmalize muende kwenu. Wakanywa kwa zamu, mkubwa wa mwisho. Walipoondoka walikuwa kwa laini kama watoto wa shule.

Mama yako mdogo Mutindi hajambo? Goti lake? Mwambie nyumba isubiri kidogo na lori liko njiani. Watoto wako nimewaota wakiwa warefu.

Sasa kuna kitu kidogo. Mwezi wa kumi kanisa letu lilileta kambi ya madaktari. Wakasema wanaume waliopita miaka hamsini watoe damu wapimwe ugonjwa wa wanaume. Wote wakatazama viatu. Nikasimama wa kwanza, ili niwaonyeshe. Basi wale niliowaonyesha wameambiwa wako sawa, na mimi nikaitwa nirudi.

Nikapelekwa kwa daktari anaitwa Yvonne, msichana ambaye angeweza kuwa mdogo wako. Damu ilisoma sita nukta mbili. Wakachukua vinyama kumi na viwili kwa sindano, mahali ambapo sitakuandikia, na sikuguna. Jibu limekuja. Ni kansa ya tezi dume. Nimeliandika hilo neno na peni haikuvunjika. Daktari anasema ni changa, ya daraja la chini, iko ndani ya tezi haijatoka, na ninayo nafasi ya kufikiri kabla ya kuchagua matibabu.

Akauliza kama kuna mtu wa kwetu aliyekuwa nayo. Nikamwambia sisi ni ukoo wa chuma. Nikamweleza habari ya baba yako, kaka yangu Jonah, alivyoanguka kutoka kwa mti wa mzinga, mita kumi na tano, asali mkononi haikumwagika, na akaishi mwaka mzima na mgongo uliovunjika. Akaandika: hakuna.

Nakuandikia wewe kwa sababu ulimuuguza baba yako na unajua mambo ya hospitali. Na naandika barua kwa sababu simu yangu ilianguka kwa oili, sasa inaongea kwa spika peke yake, na hapa kazini kuna masikio mengi kuliko magurudumu. Na simu ya Mutindi najua anaichajia kwako, nikipiga atakuwa hapo akisikia. Kanyiva anayeleta ndengu hapa sokoni ndiye atabeba, huku na huku.

Mutindi asijue. Ukimaliza kusoma, choma.

Mimi baba yako mdogo,
Gedion Ndeti


Migwani,
11 Februari 2024

Baba Mdogo mpendwa,

Aa. Nimeitikia.

Huku tuko wazima. Ndengu zimekubali mwaka huu, tumejaza magunia hadi chumba cha wageni. Watoto wamefungua shule na mimi nashona sare mpaka vidole vinauma. Mama Mdogo goti limepona, amerudi kwa kwaya, na jikoni amepaua mwenyewe na mabati yale ya zamani. Alipanda juu akapiga misumari huku mafundi wa jirani wakimtazama. Nilimpa salamu za lori. Alisema "haya," akaendelea kupeta ndengu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya tembo nimeisoma mara moja.

Pole, Baba Mdogo. Sijui niandike nini kingine hapo. Niambie vizuri: daktari amekupa njia ngapi? Kila njia ina ubaya gani? Ukingoja, unangoja nini? Usiniandikie kama unaongea na madereva. Andika kama unaongea na mtu aliyebeba beseni la mgonjwa miezi kumi na nne.

Kuhusu baba yangu na ule mti, hiyo tuiache kwanza. Nitakuandikia siku nyingine.

Mama Mdogo anafaa kujua. Mimi sitamwambia, kwa sababu umesema, lakini sipendi. Anakuja hapa kila jioni kuchukua simu yake na ananiuliza, "Hajaandika kitu?" Mimi naangalia cherehani.

Barua sijachoma. Siku hiyo jiko lilikuwa limezima.

Mtoto wako,
Nzilani


Kambu,
10 Machi 2024

Nzilani mwanangu,

Nakusalimu mara tano, moja yako na nne za watoto na mbuzi, mgawane. Joto la huku wiki hii lilipasua gurudumu la basi likiwa limesimama. Abiria walidhani ni bomu. Mimi niliendelea na chai.

Kupaua! Mutindi alipanda juu na lile goti? Mwambie asirudie. Hapana, usimwambie chochote. Ni mabati gani, yale tuliyonunua sokoni Kwa Vonza tukiwa tumeoana juzi tu? Nilibeba hayo mabati kichwani na yeye nyuma yangu akicheka kwamba natembea kama meza. Huyo mwanamke akicheka anashika ubavu wa kushoto. Sijui kama bado.

Basi umeuliza njia. Ziko tatu, Daktari Yvonne alinichorea kwa karatasi.

Ya kwanza ni upasuaji, tezi inatolewa yote. Ya pili ni mionzi, unalala chini ya mashine siku nyingi, wiki baada ya wiki, Nairobi huko. Ya tatu unakaa nayo huku unachungwa: damu kila miezi michache, na ile sindano tena mwaka ukiisha, na ikisogea tu unarudi kwa ya kwanza au ya pili. Nikamuuliza, hiyo ya tatu ni dawa gani? Akasema, "Mzee, hiyo si dawa. Hiyo ni macho."

Hapo nikaelewa kuliko alivyodhani. Kuna panja kubwa na kuna panja inayovuja polepole. Mtu wa panja ya polepole anaweza kupima upepo kila asubuhi, akaenda Mombasa na kurudi mwaka mzima. Lakini aliyejaza upepo akasahau kupima, huyo mimi namkuta kwa mtaro. Daktari alicheka, akasema atawaambia wengine hivyo.

Ubaya sasa. Upasuaji na mionzi, zote zinaweza kukuacha mkojo hauna breki. Na ile kazi nyingine ya mume inaweza kwenda isirudi. Yeye aliitaja kwa jina lake, msichana mdogo vile, mimi nikatazama kalenda ya mwaka jana ukutani. Ubaya wa ya tatu ni kwamba unalala na nyoka ndani ya nyumba, umeambiwa hana sumu leo, kesho utaambiwa.

Nikaenda kwa Gathua, maana nilisikia minong'ono. Kumbe kweli. Yeye alipasuliwa miaka minne iliyopita. Sisi tulidhani anavaa suruali mbili kwa mazoea ya baridi ya kwao. Akanipa kiti ndani ya duka katikati ya mifuko ya misumari, akaniambia, "Ndeti, niko hai, hiyo ya kwanza. Mkojo ulirudi kunitii baada ya miezi minane. Ile ingine haikurudi. Jioni mimi na mke wangu Wanjiro tunashikana mikono tunatazama habari. Nilidhani nitakufa kwa aibu, sikufa." Halafu akanitazama vile anatazama mtu anayeomba kukopeshwa mbao. "Lakini mke wako yuko Migwani. Wewe utashika mkono wa nani?"

Nilicheka. Nikamwambia mimi wa kwangu ananingoja na ng'oma.

Nzilani, ni miaka kumi na moja. Nilisema naenda miaka mitatu. Siku ya kuondoka nilisimama mbele ya kanisa nikasema nitarudi na lori langu mwenyewe, jina la Mutindi limeandikwa mbele. Watu walipiga makofi. Mtu anarudije mikono mitupu kwa watu waliompigia makofi? Krismasi mbili hizi sijaja, nimesema ni kazi. Si kazi.

Nimekaa mbali naye miaka yangu mizuri. Sitaki kumrudishia nusu.

Kwa hivyo nimechagua ya tatu, macho. Daktari anasema kwa mtu ambaye hana historia nyumbani ni chaguo la busara kabisa. Choma hii pia.

Mimi baba yako mdogo,
Gedion Ndeti


Migwani,
16 Agosti 2024

Baba Mdogo mpendwa,

Ni miezi mitano. Mvua ya Aprili ilikata barabara na Kanyiva alikaa nyumbani hadi mwezi wa sita, hiyo ni kweli. Lakini alikuja mara mbili Julai akaniuliza barua iko wapi, na nikamwambia sijamaliza. Hiyo ndiyo kweli zaidi.

Watoto wazima. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Mama Mdogo mzima.

Baba Mdogo, baba yangu hakuanguka.

Alipanda ule mti kurina, ndiyo, na alishuka polepole kwa miguu yake, mimi nikiwa chini nimeshika ndoo. Alipofika chini akakaa na hakuweza kusimama. Mifupa ilikuwa imeshaliwa. Nimetoa kadi yake kwa sanduku la nguo na ninakunakilia vile imeandikwa: kansa ya tezi dume, imefika uti wa mgongo na nyonga. Wewe ulikuwa Kambu. Ulikuja siku ya mazishi.

Alinikataza. Aliniambia, "Mtu akiuliza, sema nilianguka kutoka kwa mzinga. Ndeti atapenda hiyo. Ataisimulia vizuri kuliko mimi." Alikuwa anatabasamu. Na wewe ukachukua maikrofoni, mti ukawa mita kumi na tano, asali haikumwagika, watu wakacheka na machozi yanatoka, na mimi nikasema moyoni, acha ibaki, ni nzuri kuliko kadi. Nimeiacha miaka sita. Sasa imeandikwa kwa faili yako hospitalini.

Na kuna jingine, hili ndilo limenichelewesha. Kwa kadi kuna tarehe ya kwanza kabisa, miaka mitatu kabla. Hata yeye aliambiwa ni changa. Hata yeye aliambiwa arudi baada ya miezi mitatu apimwe tena. Hakurudi. Njia uliyochagua ndiyo aliyopita, ila yeye alipita bila macho.

Sisemi ni njia mbaya. Mimi si daktari. Nasema mpelekee daktari ukweli, achague kwa ukweli.

Kanyiva safari hii anasafiri na mtu. Mama Mdogo amesema anataka kuona hiyo Kambu kabla hajazeeka. Sikumwomba aende na sikumzuia. Barua hii nimempa yeye mwenyewe aibebe. Nimeifunga na gundi na hajui kilichomo. Ameiweka ndani ya Biblia.

Mtoto wako,
Nzilani


Kambu,
1 Septemba 2024

Nzilani,

Umenifanyia kitu.

Alishuka kwa pikapu ya Kanyiva Jumamosi na mfuko wa muthokoi, mahindi ya kukoboa, na sabuni mbili, kama mtu anayekuja kumwona mwanawe bweni. Mimi nilikuwa chini ya lori, nikaona viatu kwanza. Viatu vya kanisa kwenye mchanga wenye oili. Nikakaa hapo chini muda kidogo.

Akafungua Biblia akanipa barua. Nikaisoma nimesimama, yeye amekaa juu ya gurudumu anapangusa jasho. Akauliza, "Anasema nini?" Nikasema, sare za shule. Akasema, "Sare nyingi hizo."

Alikaa siku nne. Alifagia mahali ambapo hapajafagiliwa tangu niingie. Alinipikia muthokoi, nikala mpaka Gathua akaja kuuliza ni harufu gani hii, naye akapewa. Hakutaja lori. Alikaa kwenye gurudumu akitazama nikiziba panja, ananipa spana kabla sijaiomba. Anashika bado ule ubavu wa kushoto. Jumatano asubuhi akapanda gari. Sikumwambia. Nilikuwa na siku nne na mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu kwa Daktari Yvonne, kule Kibwezi. Nikachukua baiskeli ya Gathua. Kilomita ishirini na kitu, jua la saa nne, nikapita bodaboda mbili mlimani, hizo si hadithi, walipiga honi. Nilitaka nifike nikiwa na jasho, Daktari aone mwenyewe kwamba Jonah ni Jonah na mimi ni mimi.

Wakatoa damu. Nikamwambia habari ya kaka yangu. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Mzee Ndeti, hii ungeniambia Novemba." Nikasema Novemba sikuwa nayo.

Damu imesoma tisa nukta nne. Kutoka sita. Anataka kurudia, na picha ya mashine kubwa, na sindano tena, lakini niliona uso wake.

Mimi sihitaji kurudia. Nimeamua, nitapasuliwa, waitoe yote. Mutindi nitamwambia nimeenda Mombasa kuchukua lori. Na baada ya hapo nitabaki huku Kambu. Hizo siku nne zinatosha mtu. Nilikuwa mzima zile siku nne na hivyo ndivyo anikumbuke.

Jonah alisema nitapenda hiyo. Alijua kunipenda, huyo kaka yangu.

Ndeti


Migwani,
22 Septemba 2024

Baba Mdogo,

Wazima wote, salamu baadaye. Kanyiva anaondoka sasa hivi na kuku wake na dereva anapiga honi.

Usikubali tarehe ya upasuaji kabla hujasoma hii. Nilienda kwa kliniki hapa Migwani nikamuuliza nesi, nikasema ni kwa ajili ya mzee fulani. Kuna masharti ya siku mbili kabla ya kutoa hiyo damu. Ameniandikia kwa karatasi. Namba moja, asiwe na maambukizi ya mkojo. Namba mbili, asiendeshe baiskeli. Baiskeli, Baba Mdogo! Inabana hapo na inaweza kupandisha hesabu. Kilomita ishirini kupita boda mlimani!

Namba tatu sikuinakili. Nesi alinisomea, na mimi ni mtoto wako, siwezi kuiandika na wewe huwezi kunijibu. Lakini najua Mama Mdogo aliondoka kwako Jumatano asubuhi, na wewe ulipimwa Alhamisi. Muulize daktari namba tatu. Mjibu yeye. Mimi usiniambie kitu.

Labda hesabu haikupandishwa na hayo. Labda ni ugonjwa kweli. Ndiyo sababu inarudiwa. Baba yangu hakurudia.

Na hilo la kubaki Kambu usiniandikie tena. Mama Mdogo alirudi na oili kwenye gauni la kanisa na amekataa kulifua. Limetundikwa. Aliniambia kitu kimoja tu: "Alisoma habari za sare akasahau lori la watu juu ya jeki." Halafu akaningoja. Akiniuliza wazi sitamdanganya. Bado hajauliza. Anakunja nguo nilizoshona, moja moja, ananitazama.

Nzilani


Kambu,
24 Novemba 2024

Nzilani mwanangu,

Wakya? Nimekawia. Nilikuwa nangoja nambari, na nikizipata nilikuwa nangoja mwenyewe.

Nilienda kwa Daktari Yvonne nikasimama kama mtu aliyeiba kuku. Nikakiri baiskeli. Akauliza kwa nini. Nikasema, nilitaka unione. Kisha nikauliza namba tatu, akaniambia, nikamjibu. Basi, hapo pamefungwa. Alitoka nje kidogo, na nilimsikia akicheka huko kwenye ukumbi, kicheko kizuri, akarudi na uso wa kazi.

Tulingoja wiki sita. Nilienda kwa gari, nimekalia mto wa kulalia. Damu ilisoma sita nukta moja. Picha ya mashine haikuonyesha kitu cha kutisha. Sindano ya pili, vinyama viwili tu ndivyo vina ugonjwa, daraja lile lile la chini.

Nikasema, basi nimepona. Akasema, "Hujapona. Umepata nafasi tena ya kuchagua." Kwa sababu ya Jonah, ikichungwa kwa macho ichungwe kwa ukali, bila kukosa hata siku moja. Au itolewe sasa ikiwa ndogo, na tukubali itakachobeba. Zote mbili zina heshima, anasema, hawezi kunichagulia. Amenipa hadi Januari. Halafu akauliza, "Mke wako anasemaje?"

Nikasema, yuko mbali.

Akasema, "Sikuuliza yuko wapi."

Nilirudi Kambu nikakaa kwenye lile gurudumu alilokalia. Magari yalisimama na panja zao, nikawaambia nimefunga. Saa nane mchana, nimefunga! Nilikuwa nawaza vile nilitaka kukatwa peke yangu, kama vile hicho kitu ni changu peke yangu. Na vile nilitaka kungoja peke yangu pia. Jonah alingoja peke yake, akaniachia hadithi, na ningempenda zaidi na kadi mkononi.

Kwa mdomo siwezi, Nzilani. Nilijaribu siku nne. Mdomo wangu ukifunguka tembo wanaingia.

Kwa hivyo nakuomba. Zile barua najua hukuchoma, jiko lako halizimi mara tatu. Mpe Mutindi. Azisome zote, zangu na zako ambazo nimezirudisha humu kwenye bahasha, kuanzia ya kwanza kwa mpangilio, na hii ya mwisho. Hata ile ya namba tatu. Mwache peke yake akisoma, lakini usiende mbali.

Akifika kwa trela, mwambie halikuwa trela, ilikuwa pikapu ya mikate, na mabega yalikuwa ya watu watano. Akifika kwa lori, mwambie lori halipo. Halijawahi kuwapo. Kulikuwa na maneno niliyosema kanisani kwa sababu alikuwa analia na nilitaka aache.

Na akifika kwa tembo, mwambie alikuwa mmoja. Alikuja kunywa maji, na mimi ndiye nilikuwa mteja ndani ya duka la Gathua.

Nimefunga kompresa ya kujazia upepo kwa gunia. Jeki na spana ziko kwa debe. Panja ziko hata Migwani, nadhani. Lakini sitoki hapa mpaka aseme, maana nyumba ni yake, ndiye aliyeipaua. Jioni gari lolote likipunguza mwendo natazama viatu vya anayeshuka.

Baba yako mdogo,
Gedion Ndeti


Migwani,
8 Desemba 2024

Baba Mdogo mpendwa,

Nilimpa baada ya kanisa. Alikaa nyuma ya jikoni, chini ya yale mabati ya Kwa Vonza, akasoma mpaka mbuzi wakarudi wenyewe. Kwa ile ya Kibwezi nilisikia akicheka, nikachungulia, alikuwa ameshika ubavu. Kwa habari ya kadi ya baba aliniita nikae. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akifua mashuka yake mimi nikiwa nimelala, na alijua, na hakuna aliyemuuliza.

Alipomaliza akazikunja zote kwa Biblia. Amesema nikuandikie haya, nimeyaandika vile alivyoyatamka:

"Mwambie habari ya tembo mmoja Kanyiva aliniletea wiki ile ile. Nilikuwa nangoja afike mwenyewe. Lori lingepita wapi, na njia ya kwetu haipitishi hata mkokoteni? Aje kabla ya Krismasi. Januari tutakwenda kwa huyo daktari wote wawili, na mimi ndiye nitauliza maswali, yeye anyamaze. Waitoe au waichunge, tutasikia kwanza. Akitoka Kambu apitie kwa Gathua, amwambie mkono wa kushika upo."

Nzilani